Pointi Mbili za Norris: Nani Alimbeba Nani?

Msimu wa Fomula 1 wa 2025 ulifungwa Abu Dhabi tarehe 7 Desemba. Lando Norris wa McLaren alimaliza na pointi 423, Max Verstappen wa Red Bull 421, na Oscar Piastri, mwenzake Norris, 410. Tangu siku hiyo barua za wapenzi wa langalanga zinazofika kwenye safu hii zimekuwa za aina moja: kila mtu ameshika pointi zake mbili mkononi na anamjua aliyeziiba. Tumechagua sita, tumezifupisha, na matusi tumeyaondoa. Yaliyobaki ni ya kiungwana, kwa kiasi.

SWALI: Semeni ukweli, acheni woga. Qatar tuliona kwa macho yetu Antonelli akimpisha Norris. Mercedes na McLaren wanatumia injini moja, ile ilikuwa figisu ya wazi. Bila zile pointi mbili bingwa ni Max. *Shabiki wa Red Bull, Tanga*

JIBU: Hesabu yako iko sawa, tena iko sawa kuliko ulivyoiandika. Tarehe 30 Novemba pale Lusail, uwanja wa mbio za Qatar, Norris alimaliza wa nne akachukua pointi 12. Kimi Antonelli wa Mercedes, aliyekuwa mbele yake mpaka mizunguko miwili ya mwisho, akawa wa tano na pointi 10. Geuza nafasi hizo: Norris anatoka Qatar na 406 badala ya 408. Mwongezee 15 za nafasi ya tatu aliyoipata Abu Dhabi, anafika 421. Verstappen naye ana 421. Wakilingana hutazamwa nani ameshinda mbio nyingi zaidi, na Verstappen alishinda nane, Norris saba. Kombe linaenda kwa Max.

Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba inachukulia Abu Dhabi ingeendeshwa vilevile. Norris alikwenda kule akijua nafasi ya tatu inamtosha, akaendesha mbio za mtu anayetafuta nafasi ya tatu. Angekuwa na 406 angehitaji ya pili, na aliyeishika ya pili ni Piastri, ambaye kwa kuwa Verstappen alikuwa anaongoza hakuwa na ubingwa wa kuupigania tena. McLaren wangemwita kwenye redio, akapunguza mwendo, basi. Leo ungekuwa unawasema kwa jambo jingine, lakini kombe lingekuwa Woking, makao ya McLaren, vilevile.

Sasa hilo la kumpisha. Jiulize kwanza Mercedes wangefaidika nini. Wakati ule walikuwa bado wanagombea nafasi ya pili ya timu na Red Bull haohao, na msimu uliisha Mercedes wakiwa na 469, Red Bull 451. Nafasi hiyo ina pesa nyingi ndani yake. Timu gani inatupa pointi mbili kwa ajili ya mteja anayenunua injini zake na kuifunga kila wiki? Halafu hoja ya injini inakurudia mwenyewe: gari ambalo Antonelli alikuwa analikimbiza lilikuwa la Carlos Sainz wa Williams, nao Williams wanatumia injini ya Mercedes. Kama kuna undugu wa injini, mbona alikuwa anataka kumpokonya ndugu yake nafasi ya tatu?

Tuangalie uendeshaji wenyewe, maana hapo ndipo ubishi unapokwisha. Dereva anayempisha mwenzake hufanya hivyo mahali paliponyooka. Anaondoa mguu kwenye mafuta mapema, usukani umetulia, anajiweka upande ambao haumzuii anayekuja, na akishapitwa anakanyaga tena. Hasara yake inakuwa ndogo na gari halijitingishi. Sasa fungua picha ya kamera iliyo juu ya gari la Antonelli, kona ya 10. Mikono inaingia kwenye kona, kisha ghafla inauzungusha usukani upande wa pili. Huko ni kulikamata gari ambalo nyuma yake imeachia. Gari likatanuka nje ya njia yake na Norris akapita. Ukitaka kumpa mtu zawadi huhatarishi gari la mabilioni kwa kulitelezesha kwenye kona.

Na nyuma iliachia kwa sababu zinazojulikana. Antonelli alikuwa amejibana nyuma ya Sainz, na hewa iliyovurugwa na gari la mbele haiwezi kuligandamiza gari chini inavyopaswa. Gari linateleza kidogo kidogo, tairi zinapata moto, moto unapunguza mshiko, gari linazidi kuteleza. Tena tairi zake zilikuwa zimevalishwa mzunguko wa 32, kwa hiyo zilikuwa zinamalizia umri wao wa kisheria. (Umri huo tutauelezea kwenye swali linalofuata.) Za Norris zilikuwa mpya zaidi, ndiyo maana alimfikia.

Red Bull wenyewe walitoa taarifa siku iliyofuata wakisema madai ya kumpisha hayakuwa sahihi, kwamba video inaonyesha kijana alipoteza udhibiti wa gari kwa muda mfupi, na wakasikitikia matusi aliyoyapata. Kwa hiyo ndugu yetu wa Tanga, unaitetea timu katika shauri ambalo timu yenyewe imelifuta. Aliyeachiwa mzigo ni dereva wa miaka 19 aliyelazimika kuizima picha yake mtandaoni kwa jinsi alivyotukanwa.

SWALI: Mbio za Qatar zilianza saa moja usiku kwetu, saa moja usiku kwao, nikakaa na familia nzima kuiangalia McLaren ikijimaliza. Gari la usalama linaingia mzunguko wa 7, karibu wote wanabadilisha tairi, hao wawili wanapita tu kama hawajui kusoma. Ile si hujuma ya kumnyima Piastri? *Mpenzi wa Piastri, Morogoro*

JIBU: Hujuma hapana. Kosa, ndiyo, na kubwa. Lakini ili uone ukubwa wake inabidi ushike kalamu.

Lusail ina urefu wa kilomita 5.419 na kona 16, nyingi zikiwa ndefu za kasi zinazoikandamiza tairi ya mbele ya kushoto. Mwaka 2024 Pirelli, watengenezaji wa tairi, walizikuta tairi zimelika mno, kwa hiyo safari hii waliweka sharti: seti moja ya tairi isizidi mizunguko 25 wikiendi nzima. Mizunguko ya nyuma ya gari la usalama inahesabiwa. Ile ya kwenda kujipanga na ule wa kupasha tairi moto haihesabiwi.

Mbio ni mizunguko 57. Gawanya kwa 25: seti mbili zinakufikisha 50 tu, kwa hiyo lazima seti tatu, yaani kusimama mara mbili. Sasa toa: 57 kasoro 7 ni 50. Mzunguko wa 7, Nico Hülkenberg na Pierre Gasly walipogongana na gari la usalama (linaloongoza wote kwa mwendo wa polepole baada ya ajali) likaingia, ndio ulikuwa mzunguko wa kwanza kabisa ambao ungeweza kusimama na bado ukamaliza kwa kusimama mara moja zaidi. Mzunguko wa 6 ungebakiwa na 51, na hiyo moja ya ziada ingekulazimisha kusimama mara tatu. Ajali ilitokea penye mlango wenyewe, si kabla wala baada. Sijui kama mpangaji ratiba angeweza kuipanga vizuri zaidi.

Faida ya kuingia wakati huo ni hii. Siku ya kawaida, kupita njia ya piti, mahali pa kubadilishia tairi, kwa kilomita 80 kwa saa na kusimama hukugharimu pale Lusail sekunde 25 na ushee, maana wenzako wako nje wanakimbia. Gari la usalama likiwa mbele, wenzako nao wanatambaa, hivyo gharama inapungua sana. Ukitoka unaungana na mkia wa msururu, na msururu ukikusanyika umeshalifuta pengo lote.

Verstappen aliingia. Akawa amelipa kusimama kumoja kwa bei ya chini, na kwingine, mzunguko wa 32, kwa bei kamili. Piastri na Norris walibaki nje, wakalipa mara mbili kwa bei kamili. Ili mahesabu yao yatoke, walipaswa kujenga mbele ya Verstappen pengo linalotosha kusimama mara moja kwa bei kamili, huku yeye ana tairi mpya kuliko zao. Haiwezekani hata ukiwa na gari bora. Piastri alimaliza wa pili, nyuma kwa sekunde 8 hivi, na alikuwa ndiye mwenye kasi siku ile. Sekunde 8 nyuma baada ya kutoa zawadi kama hiyo: hapo unaona ushindi ulikuwa wa nani.

Kwa nini walibaki? Andrea Stella, mkuu wa timu, alisema hawakutegemea kwamba wote nyuma yao wangeingia. Waliogopa kumrudisha dereva kwenye msongamano. Fikra hiyo ina mantiki kwenye mbio za kawaida, kwa sababu kwa kawaida kundi hugawanyika, nusu waingie, nusu wabaki. Safari hii sharti la mizunguko 25 liliwaondolea wote uhuru wa kuchagua. Karibu kila ofisi ya mikakati ilikuwa na jibu moja mezani, ila walioanza mbele wakajiona wana jibu la pili.

Lipo jingine ambalo mashabiki wa Piastri wanalisema na sisi tunalikubali nusu. Kuwaingiza wote wawili kungemfanya Norris asubiri nyuma ya Piastri na pengine apoteze nafasi moja au mbili. Kumwingiza mmoja na kumwacha mwingine kungekuwa ni kumpendelea mmoja, na McLaren msimu mzima walikuwa wanaogopa neno hilo kama ukoma. Mkakati wa kumlinda kila mtu uliwaumiza wote wawili. Ila aliyeumia zaidi ni Piastri, aliyepoteza ushindi, kwa hiyo tukisema timu ilimhujumu yeye kwa makusudi tutakuwa tunasema waliamua kumpa Verstappen pointi saba za ziada mbio moja kabla ya msimu kwisha. Norris alikuwa wa kwanza kuathirika na pointi hizo.

SWALI: Monza ndipo ubingwa ulipopangwa. Piastri anaambiwa amrudishie Norris nafasi kwa sababu fundi alichelewa na tairi! Tangu lini timu ikikosea dereva mwingine ndiye anayelipa? *Wa Kinondoni, Dar es Salaam*

JIBU: Hapa una shauri zito kuliko wote waliotuandikia, na ajabu ni kwamba wewe ndiye uliyeandika kwa mistari michache.

Kilichotokea Monza, tarehe 7 Septemba: Verstappen yuko mbele peke yake, Norris wa pili, Piastri wa tatu. Desturi ni kwamba dereva aliye mbele ndiye anayeingia piti kwanza, kwa sababu anayeingia kwanza anapata tairi mpya mapema na anaweza kumruka mwenzake. McLaren waligeuza utaratibu, wakamwingiza Piastri mzunguko wa 45 ili kumlinda dhidi ya Charles Leclerc wa Ferrari aliyekuwa nyuma yake. Norris alikubali kwa sharti kwamba asirukwe. Mzunguko uliofuata akaingia yeye, tairi ya mbele ya kushoto ikagoma kufungwa, akakaa sekunde 5.9 badala ya 2 na kitu. Akatoka nyuma ya Piastri. Redio ikaita, Piastri akalalamika kwamba kusimama vibaya ni sehemu ya mbio, kisha akapisha.

Watu wanachanganya mambo mawili. Kama Norris angeingia kwanza kwa utaratibu wa kawaida, halafu fundi akachelewa, Piastri angekuwa amepata nafasi halali na hakuna wa kumdai. Lakini utaratibu ulikuwa umegeuzwa kwa ahadi. Timu ilimwambia Norris, mwache mwenzako atangulie, hutaumia. Ahadi ndiyo iliyorudishwa.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: ahadi ile ilikuwa dhidi ya kurukwa kwa sababu ya mpangilio, na Norris hakurukwa kwa sababu ya mpangilio. Ukiziondoa zile sekunde nne za nati, anatoka mbele. Kwa hiyo Piastri hakukosea aliposema alichosema. Uamuzi wetu, kama utauliza: timu ilikuwa na haki, ila ilijifunga kwa kuahidi kitu ambacho mafundi watatu kwenye kila tairi ndio wenye uwezo wa kukitimiza. Tungekuwa sisi, tungemwingiza Norris kwanza na yaishe.

Kwa kanuni hakuna kosa. Amri za timu zilipigwa marufuku baada ya Austria 2002, pale Ferrari walipomwamuru Rubens Barrichello ampishe Michael Schumacher hatua chache kabla ya mstari na uwanja mzima ukazomea. Marufuku hiyo haikufanya kazi. Ujerumani 2010 Ferrari hao hao walimpitishia Felipe Massa ujumbe kwa mafumbo, wakatozwa dola 100,000, na kuanzia 2011 kifungu kikaondolewa. Tangu hapo timu inapanga itakavyo.

Na pointi? Nafasi ya pili 18, ya tatu 15. Ondoa tatu kwa Norris: 420. Verstappen 421. Kwa karatasi, hiyo peke yake ilitosha.

SWALI: Las Vegas McLaren walikutwa na gari bovu wote wawili, wakafutiwa matokeo. Kwa nini hamtumii neno lake? Ni wizi. *Mkweli Daima, Nairobi*

JIBU: Chini ya kila gari kuna ubao mrefu. Ukiwa mpya una unene wa milimita 10, na baada ya mbio usiwe chini ya milimita 9 kwenye matundu maalumu ya kupimia. Kazi yake ni kuzuia timu zisilishushe gari mno, kwa sababu gari likikaa chini karibu na lami, hewa inayopita chini yake inalivuta zaidi na kona zinakwenda haraka. Kila timu hutafuta urefu ule ambao ubao utalika mpaka 9.01. Ukitoka na 9.6 umeacha kasi gereji.

Gari la Norris lilikutwa na 8.88 na 8.93. La Piastri sehemu tatu, iliyo mbaya zaidi ikiwa 8.74. Kama sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, imekula pointi 18 za Norris, na kama robo milimita imekula 12 za Piastri. Adhabu ni kufutwa moja kwa moja. Hakuna kipimo cha "kidogo tu". Waamuzi waliandika kwamba hawakuona nia ya kudanganya. Magari yalikuwa yakidunda juu chini kuliko ilivyotarajiwa, na muda wa mazoezi mkavu ulikuwa mchache. Ulipomwona Norris anapunguza kasi mizunguko ya mwisho mpaka akamaliza zaidi ya sekunde 20 nyuma ya Verstappen, ukadhani mafuta yanaisha, ndiyo hiyo: timu iliona ubao unakwenda na ikamwambia aondoe mguu.

Neno "wizi" ukilitumia hapa, litumie pia kwa Lewis Hamilton wa Ferrari, aliyefutwa China mwaka huohuo kwa ubao huohuo, na Leclerc aliyefutwa siku hiyo kwa gari lililopungua kilo moja. Mzee wa sheria angesema hawa wote wana hatia. Hakuna kati yao aliye mwizi.

SWALI: Mbona wa Red Bull hawaisemi Barcelona? Max alizitupa pointi zake mwenyewe. *Bi. Mkubwa wa Kisauni, Mombasa*

JIBU: Shikamoo mama, umemaliza. Tarehe 1 Juni, zimebaki mizunguko michache, Verstappen ana tairi ngumu wakati wenzake wana laini, timu inamwambia amrudishie George Russell wa Mercedes nafasi. Anapunguza mwendo kuelekea kona ya 5, Russell anaingia pembeni, Max anakanyaga mafuta na kumgonga. Sekunde 10, kutoka nafasi ya tano hadi ya kumi, pointi 10 zikawa 1. Tisa zimeenda kwa hasira, na ubingwa ulipotea kwa mbili. Aliongezewa pia pointi tatu za adhabu kwenye leseni akafika 11. Ya 12 ni kukaa nje mbio moja, na hakupata nafuu mpaka mbili za zamani zilipofutika mwisho wa Juni.

Tofauti ya hii na yote yaliyotangulia ni kwamba hapa hakuna fundi, hakuna ubao, hakuna mpanga mikakati. Ni mguu wa mtu mmoja. Wa McLaren nao wana daftari lao, wasijisahau: Norris alijibamiza nyuma ya Piastri Canada akaishia ukutani, na Zandvoort gari lake lilivuja oili akiwa wa pili. Hayo hawayaandikii barua.

SWALI: Abu Dhabi Yuki Tsunoda, mwenzake Max pale Red Bull, alimyumbia Norris kushoto kulia kumlinda Max. Norris akapita nje ya barabara. Nani alipaswa kuadhibiwa? Tumewekeana soda kreti nzima. *Vijana wa kijiwe, Arusha*

JIBU: Anayejilinda anaruhusiwa kubadili uelekeo mara moja. Akitaka kurudi kwenye njia ya mbio kabla ya kona, aache upana wa gari moja. Tsunoda alibadili zaidi ya mara moja, akapata sekunde 5. Norris alichunguzwa kwa kupita nje ya mistari myeupe, akaachiwa kwa sababu alisukumwa huko. Kupita nje ya barabara ni kosa ukijinufaisha kwa hiari yako. Ukikosa pa kupita kwa sababu mwenzako amekufungia, kosa ni la aliyefunga.

Je, kuwa ukuta wa mwenzako ni uungwana? Red Bull walimweka pale makusudi, na kumchelewesha mpinzani wa mwenzako ni kazi halali ya dereva wa pili. Angeshikilia upande mmoja, akapunguza mwendo kwenye kona za polepole na kuacha sehemu zilizonyooka, asingeadhibiwa na pengine angemgharimu Norris sekunde nyingi zaidi. Alichokosa ni ufundi wa kuzuia. Aliyesema Tsunoda aadhibiwe achukue kreti.

Kabla hamjawekeana nyingine: maamuzi ya waamuzi hutolewa kwenye tovuti ya FIA, shirikisho linalosimamia mchezo huu, kila moja na namba yake. Tafuteni hati yenye namba za magari yanayohusika, msome kwanza kipengele cha "ukweli wa tukio", kisha kifungu kilichovunjwa, kisha sababu. Hati nyingi hazizidi kurasa mbili. Halafu rudieni video ya kamera ya ndani ya gari lililolaumiwa, na ya gari lililolalamika, kwa mwendo wa polepole, sauti imezimwa. Mtangazaji huwa ameshaamua kabla yenu.